Ugonjwa wa Akili si Aibu ya Nyumba



Wasomaji wapenzi, baba na mama wenye nyumba, nanyi vijana mnaowasomea wazazi gazeti hili: mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Iringa na Mbeya husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa. Mtu akishikwa na malaria, jirani hupewa habari siku ile ile. Uji huletwa, na kijana hutumwa zahanati. Akivunjika mguu, kila apitaye njiani huuliza hali yake. Lakini akishikwa na huzuni isiyoondoka, au hofu isiyo na sababu, au akianza kusikia sauti wasizozisikia wengine, mlango hufungwa. Wageni huambiwa, “Amesafiri.” Basi mgonjwa huyo, kati ya wagonjwa wote, ndiye aachwaye augue peke yake.

Neno langu ni moja. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mengine, una dalili na sababu na tiba. Bali kuuficha ndiko kunakoukomaza, na mara nyingine ndiko kunakoua.

Mzaha ufanywao juu yetu

Sisi watu wa Iringa twataniwa na wenzetu wa mikoa mingine. Wasema kwamba Mhehe ana hasira za karibu, na akiaibishwa hujiua. Nasi twacheka pamoja nao. Hata wako wanaojisifia jambo hilo, wakitaja habari za Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwezi wa Julai mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani.

Tuitazame habari hiyo vema. Mkwawa alikuwa mtawala aliyewindwa porini karibu miaka 4, tangu boma lake la Kalenga lilipovunjwa mwezi wa Oktoba mwaka 1894. Yaliyompata ni mambo ya vita. Lakini kijana aliyegombana na baba yake kwa ajili ya shamba, au binti aliyeachwa na mchumba, au baba aliyeshindwa kulipa deni la mbolea, hao hawana vita na Wajerumani. Wana mzigo mzito, wala hawana mtu wa kuwasaidia kuutua. Hakuna damu ya kabila imwamuruyo mtu afe.

Mzaha huu una madhara mawili. La kwanza, jamaa wakisikia mtu akisema amechoka na uhai, hawashtuki, husema, “Ndivyo tulivyo.” La pili, kijana aliye katika taabu hudhani njia hiyo amekwisha kukatiwa na babu zake. Naomba tuuache.

Tena jambo hili si la kwetu tu. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu ya kuwa watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, wa mataifa yote, matajiri kwa maskini. Nalo lasema kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na ugonjwa fulani wa akili. Kama hesabu hiyo ingekuwa sawa kila mahali, basi katika kanisa lenye watu 200 siku ya Dominika wangekuwamo 25. Je, sisi twawajua wangapi?

Namna za ugonjwa huu

Kwa kawaida twatumia neno moja, wazimu au kichaa, kwa mambo mengi yasiyofanana. Waganga wa hospitali huyatenga.

Kwanza, iko huzuni nzito, ambayo siku hizi huitwa sonona. Si huzuni ya siku moja au mbili ambayo kila mwanadamu anayo. Hudumu wiki 2 na zaidi, kutwa kucha; mtu hakipendi tena alichokipenda, usingizi humwacha au humzidi, chakula hakina ladha, kazi ndogo humlemea kama mlima, naye hujihesabu kuwa si kitu. Kwetu mgonjwa huyo si mwepesi wa kusema, “Nina huzuni.” Atasema kichwa chamwuma, mwili wamwaka moto, moyo wamwenda mbio. Hupimwa malaria mara tatu, na malaria haionekani.

Pili, iko hofu isiyotulia. Moyo hupiga, jasho hutoka, pumzi hukatika, wala hakuna simba mlangoni.

Tatu, kuna kurukwa na akili kabisa. Mtu husikia sauti, huwashuku ndugu zake kwamba wamtilia sumu, husema maneno yasiyoshikana. Hao ndio tuwaonao barabarani, nasi twadhani ugonjwa wa akili ni huo tu.

Nne, nataja kifafa. Hicho ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili. Lakini katika nyumba zetu hutiwa kapu moja na wazimu, na mgonjwa hutengwa vilevile. Wengi waogopa povu la mgonjwa, wakidhani laambukiza. Wala haliambukizi hata kidogo. Karibu na mwaka 1960 daktari mwanamke wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wenye kifafa huko Mahenge, akaona wengi wenye makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia mekoni watu waliogopa kuwagusa. Aliwapa vidonge, nao waliokuwa wakianguka mara kwa mara wakarudi mashambani. Na katika nchi zetu, hasa Mbozi na mahali fulani pa Mbeya na Njombe, iko sababu moja ya kifafa tunayoweza kuizuia kwa mikono yetu. Mtu alaye nyama ya nguruwe yenye malengelenge, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika choo chake. Yakiingia kinywani mwa mtu kwa maji au mikono michafu, funza wake huweza kukaa katika ubongo na kuleta kifafa. Basi fungeni nguruwe zizini, chimbeni vyoo, nawisheni watoto mikono, pikeni nyama mpaka iive. Hapo hapana uchawi wa kutafutwa.

Je, ni uchawi, au pepo, au dhambi?

Najua swali hili litaulizwa, maana huulizwa kila mara. Jibu ni hili: sababu za magonjwa ya akili ni nyingi, na mara nyingi huungana. Wengine hurithi udhaifu wa namna hiyo, kama wengine wanavyorithi pumu. Wengine huanza baada ya kuumia kichwa au kuugua sana; mama mwingine huanza baada ya kujifungua. Wengine huharibiwa na pombe au bangi. Wengine huelemewa na msiba, na deni, na njaa, na mapigo ya mume nyumbani, na dharau ya siku nyingi.

Kuhusu pepo, Kanisa lenyewe halifanyi haraka. Katekisimu yake ya mwaka 1992 yafundisha kwamba kabla ya sala ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa jambo hilo si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ni kazi ya waganga. Basi sisi walei tusiwe wepesi kuliko Kanisa. Kumpiga mgonjwa ili pepo amtoke, au kumfungisha chakula siku nyingi, ni kumwongezea mtu wa Mungu mateso.

Kuhusu dhambi, tumkumbuke nabii Elia. Alikuwa mtu wa imani kuu, naye alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji kwa mkono wa malaika, akalala tena, akala tena; ndipo baadaye akasema naye. Kwanza usingizi na chakula na rafiki, kisha maneno. Laiti sisi tungefuata utaratibu huo, tusiwahubirie wenye huzuni kabla hatujawapa uji.

Mzigo wa nchi yetu

Nchi zetu za juu zina baridi njema na mvua, chai ya Mufindi na Rungwe, viazi na mahindi. Lakini zimeonja msiba mwingi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100, wapatao 11 katika mikoa ya Njombe na Iringa, na 9 katika Mbeya, walikuwa na virusi vya UKIMWI. Na mikoa hiyo ilikuwa juu kuliko mingine katika Tanzania Bara. Dawa zimeokoa wengi, nasi twamshukuru Mungu. Walakini makaburi ya miaka ile ya kwanza yapo, na bibi waliozika watoto wao na kulea wajukuu wapo. Nani aliwauliza bibi hao habari za mioyo yao? Twaliwapa sabuni na mahindi, tukaenda zetu.

Wazee wa zamani walilijua jambo moja hapa. Katika miaka ya 1930 Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Rungwe kwa Wanyakyusa, wakajifunza desturi zao. Na mwaka 1957 Bibi Monica Wilson alitoa kitabu juu ya ibada zao za ukoo. Humo aliandika habari za maziko. Waliofiwa walifagiliwa takataka, nao walijifanya kama wenye wazimu kwa muda uliowekwa. Maana yake waliieleza wenyewe: uchafu wa kifo uje sasa, mbele ya watu, usije ukarudi baadaye kuwa wazimu wa kweli. Aliyekataa desturi hiyo waliogopa atarukwa na akili siku za mbele.

Sisemi tuzirudie ibada hizo. Sisi tuna Misa ya marehemu na sala zetu. Lakini akili iliyomo tusiitupe. Msiba una saa yake ya kutoka, nao usipopewa saa yake hutafuta mlango mwingine. Siku hizi matanga yamefupishwa, siku ya tatu watu hutawanyika, na mwanamume akitoa machozi huambiwa, “Jikaze.” Bwana wetu Yesu Kristu hakujikaza namna hiyo. Alipokuwa akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro alilia mbele ya watu wote.

Na mwanamume aliyekatazwa kulia huenda wapi? Huenda kilabuni. Wakati wa mvua ulanzi ni mwingi na bei yake ni ndogo. Ulanzi ukipungua, komoni ipo. Usiku ule mzigo huonekana mwepesi. Asubuhi umerudi, umeongezwa na fedha iliyopotea na mke aliyepigwa. Pombe haiondoi huzuni, bali huizidisha, na mtu aliyelewa hufanya kwa saa moja jambo asilolifanya akiwa mzima. Basi tukimwona jirani ambaye zamani hakunywa sana, na sasa haondoki kilabuni, tusimcheke. Tumwulize ni nini kilichompata.

Jinsi wagonjwa walivyotunzwa

Zamani katika nchi hii mwenye wazimu alipelekwa kwa mganga wa mitishamba, au alifungwa kamba nyumbani, au aliachwa azurure. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisioni Waprotestanti wa Ujerumani walianza mwaka 1896 nyumba ya kulea watoto waliotolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 serikali ilifungua hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kwetu walichukuliwa huko, safari ndefu ya kuuacha ukoo wote nyuma. Kwa sababu hiyo jina la Mirembe likawa tusi. Watoto hutukanana, “Wewe wa Mirembe.” Lakini neno hilo kwa lugha ya Waganda maana yake ni amani. Twaligeuza neno la amani kuwa jiwe la kumtupia mgonjwa!

Siku zile dawa zilikuwa chache. Tangu mwaka 1952, walipoanza kutumia dawa iitwayo klopromazini huko Ufaransa, wagonjwa wengi waliokuwa wa kufungwa maisha waliweza kurudi kwao. Leo hakuna haja ya kuanza na safari ya Dodoma. Mgonjwa apelekwe kwanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Iringa au Mbeya, nao wataangalia kama yampasa kwenda mbele zaidi.

Lakini dawa si kazi yote. Katika mji wa Geel, nchi ya Ubelgiji, liko kanisa la Mtakatifu Dimfna, mwombezi wa wagonjwa wa akili. Tangu zamani za kale mahujaji waliletwa huko, na nafasi ilipokosekana kanisani, wenyeji waliwapokea katika nyumba zao. Desturi ikadumu. Katika miaka ya 1930 wagonjwa zaidi ya 3,000 walikaa katika jamaa za mji huo, wakila meza moja na wenyeji, wakisaidia kazi za shamba; na hata leo jamaa kadhaa zapokea wagonjwa namna hiyo, zikisaidiwa na hospitali. Wakulima wale hawakuwa wataalamu. Walikuwa na kitanda, sahani moja ya ziada, na subira.

Na karibu nasi, huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kuanzia mwaka 2006 kukaa juu ya mabenchi karibu na zahanati, na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, na kuwasaidia kupanga jambo moja la kutenda kwanza. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa. Waliosikilizwa na bibi hao, baada ya miezi 6, walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Je, katika WAWATA wetu na jumuiya zetu ndogo ndogo hatuna bibi wenye masikio?

Mambo yatupasayo kutenda

1. Mketi na mgonjwa. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku 7 za kwanza walipokaa naye chini, kimya. Waliharibu walipoanza kumtafutia makosa. Msimwambie, “Wenzako wana shida kubwa kuliko zako.”

2. Mwulizeni waziwazi. Mkiona mtu agawa vitu vyake, aaga kwa namna ya ajabu, au asema watu watapumzika akiondoka, mwulizeni kama anawaza kujiua. Wengi waogopa kwamba swali litamtia wazo hilo. Sivyo. Swali la upendo humfungulia mlango wa kusema.

3. Akikubali kwamba ndivyo, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Dawa za mashambani na vitu vingine vya hatari fungieni mbali. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mkimwita na padre au katekista awe pamoja nanyi.

4. Msimfunge kamba wala minyororo, wala msimpige. Akiwa mkali, iteni watu watulivu wachache, semeni naye polepole, mpelekeni kwa waganga.

5. Akipewa dawa, msimkatishe kwa sababu ameonekana mzima. Daktari ndiye wa kusema imetosha. Wala sala na dawa hazigombani. Ale dawa yake, na aende Misa.

6. Ninyi wenyewe jilindeni kabla ya kuugua. Laleni usingizi wa kutosha, msinywe kwa kufukuza mawazo, tembeeni na kufanya kazi ya mikono, mpumzike Dominika kama mlivyoamriwa. Na kila mmoja awe na mtu mmoja ambaye humwambia kweli yote.

Kwa wale waliokwisha kufiwa

Zimo miongoni mwetu nyumba ambazo jambo hili limekwisha kutukia. Kwao nasema neno la faraja, tena ni la kweli. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi, na wazee wengi wangali wakiikumbuka. Sheria ya mwaka 1983 haikumtaja tena miongoni mwa wanaonyimwa. Na Katekisimu yasema kwamba uchungu mkuu, hofu kali au ugonjwa wa akili huweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba Mungu aweza kumpa nafasi ya toba kwa njia aijuayo yeye mwenyewe. Basi Kanisa humwombea. Kwa hiyo msikatae kumtaja marehemu wenu. Mwombeeni Misa. Na ninyi majirani, nendeni kwenye nyumba hiyo kama mnavyokwenda kwenye kila msiba, kwa kuwa wenye nyumba hiyo nao sasa wamo katika hatari.

Katika Injili yuko mtu aliyekaa makaburini, aliyevunja minyororo na kujikata kwa mawe. Bwana alipomponya, mtu yule aliomba afuatane naye. Bwana hakukubali, alimtuma arudi nyumbani kwa jamaa zake. Jambo hilo yatupasa kulifikiri. Kuponywa kwake kulikuwa kazi ya Bwana, lakini kumpokea kulikuwa kazi ya jamaa zake. Hata leo iko hivyo. Akirudi mtu kutoka hospitali na karatasi yake ya dawa, apewe kiti chake, jembe lake, na nafasi yake ya kusoma somo kanisani kama alivyokuwa akisoma. Wala asiulizwe kila siku kama amepona kweli.

Mungu awalinde nyumbani mwenu nyote, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.